Vikombe vya Mpingo: Hedifoni ya Kujitengenezea na Afya ya Masikio

Juu ya meza yangu ya nyumbani ipo hedifoni yenye vikombe viwili vya mpingo, vyeusi, vilivyopigwa msasa hata vikang'aa kama jiwe lililolowa. Kila mgeni anayeiona huishika, huipapasa, kisha huuliza swali lilelile: je, mti hubadilisha sauti? Ni swali zuri, nami nitalijibu. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kupima usikivu wa watu, lipo swali jingine lililopaswa kutangulia, nalo lilinichukua miezi mingi kulitambua: je, hedifoni niliyoiunda kwa mikono yangu inanifanya nisikilize kwa sauti ya chini zaidi, au ya juu zaidi?

Makala haya yanahusu ufundi wa kubadilisha vikombe, mito na waya za hedifoni. Ni ufundi wenye raha na wenye faida kwa mwenye kipato kidogo, kwa kuwa huokoa chombo kizuri kisitupwe kwa sababu ya mto uliochanika. Lakini chombo hiki hukaa juu ya kiungo kisichoota tena kikishaharibika. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya na mgonjwa wana haja ya kuuelewa ufundi huu.

Kazi iliyoanzia jikoni

Hedifoni haikuzaliwa katika viwanda vikubwa. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, aliunda vipokea sauti vyake jikoni kwake na kuviuza kwa jeshi la majini la nchi hiyo. Mwaka 1953 Joseph Grado, fundi saa wa Brooklyn, New York, alianza kutengeneza vifaa vya kusomea santuri juu ya meza ya jikoni. Katika miaka ya 1990 kampuni yake ilijulikana kwa hedifoni pia. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alileta hedifoni ya stirio kwa wasikilizaji wa muziki wa majumbani.

Hedifoni za Grado ndizo zilizowavutia mafundi wengi wa kujitegemea. Umbo lake ni jepesi kueleweka: utepe wa kichwani, fimbo mbili, spika mbili ndogo, vikombe viwili na mito ya sponji inayochomoka kwa mkono. Baadhi ya matoleo yake hutoka kiwandani yakiwa na vikombe vya mbao ya mahogani, na mengine ya bei nafuu huwa na vikombe vya plastiki. Basi mwenye hedifoni ya plastiki huipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi ikalainika, akaitoa spika taratibu na kuihamishia katika kikombe cha mti alichokikereza mwenyewe au alichokinunua kwa mkerezaji. Wengine hubadilisha waya na mito. Hedifoni nyingine, kama Sennheiser HD 600 iliyotoka mwaka 1997, zimeundwa tangu mwanzo ili waya, mito na sehemu nyingine zibadilishwe bila kukata wala kuchomea chochote.

Mimi nilianza na hedifoni ya mitumba ya aina hiyo ya wazi, yaani yenye matundu mgongoni. Kikombe kimoja kilikuwa kimepasuka. Nikaenda Mwenge, Dar es Salaam, penye soko la wachonga vinyago, nikamtafuta mzee mmoja mkerezaji niliyeelekezwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Leo unataka kinyago gani?"

"Nataka vikombe, mzee."

"Vya chai?"

"Vya masikio."

Alinifanya nirudie mara tatu. Nilidhani ni kelele za mashine zilizomzuia. Kisha akacheka, akachagua kipande cha mpingo kilichobaki katika kazi nyingine, akakifunga kwenye mashine ya kukereza. Baada ya saa mbili nilikuwa na vikombe vyangu.

Mti hufanya nini hasa?

Spika iliyomo ndani ya hedifoni ni kiwambo chembamba kinachosukumwa na koili iliyo kando ya sumaku. Kiwambo kinapokwenda mbele, hewa ya upande wa sikio hubanwa. Papo hapo hewa ya nyuma yake hutanuka. Mawimbi hayo mawili ni kinyume cha mwenzake, na yakikutana hufutana, hasa yale ya sauti nzito. Kikombe ndicho kinachoamua hatima ya wimbi la nyuma: ama lifungiwe ndani, ama liachwe litoke nje kupitia matundu.

Kwa hiyo jibu la wageni wangu ni ndiyo, kikombe hubadilisha sauti. Lakini kinachobadilisha zaidi ni kina chake, upana wake, unene wa kuta zake, ukubwa wa matundu yake na sponji au sufu iliyowekwa ndani, kuliko jina la mti. Kikombe cha mninga na cha mpingo vyenye umbo lilelile hukaribiana kwa sauti kuliko vikombe viwili vya mpingo vyenye vina tofauti. Anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya mti adimu ananunua uzuri, na uzuri si dhambi. Ila asidhani amenunua usikivu.

Jambo moja ambalo mti hulibadilisha bila ubishi ni uzito. Mpingo ni mzito kuliko maji. Kipande chake kikitupwa kisimani huzama. Vikombe vyangu vya kwanza vilikuwa na kuta nene, na baada ya saa moja nilihisi maumivu utosini na shingoni. Mgonjwa anayelalamika maumivu ya kichwa au ya kiungo cha taya, hasa pande zote mbili, aulizwe pia amevaa nini kichwani kwa saa nyingi: hedifoni nzito au inayobana ni jambo dogo kuliondoa kabla ya kutafuta makubwa. Nilirudi kwa mzee akazipunguza kuta.

Mito ndiyo mlango

Sehemu yenye athari kubwa kuliko mti ni ile ya bei ndogo: mto unaogusa kichwa. Mto ukikaa vizuri kuzunguka sikio, sauti nzito hubaki ndani, na katika hedifoni iliyofungwa mgongo, kelele za nje hupungua. Mto ukiacha upenyo, sauti nzito huvuja. Msikilizaji huhisi muziki umepwaya, naye huongeza sauti. Hapo sauti zote hupanda, zile zilizovuja na zile ambazo hazikuvuja, na sikio hubeba mzigo wote.

Upenyo huo huletwa na mambo ya kawaida kabisa: fimbo za miwani, nywele zilizosukwa, mtandio au kilemba kilichopita juu ya sikio, ndevu nene karibu na taya, au mto wa zamani uliosinyaa. Mito ya ngozi bandia huziba vizuri lakini huleta jasho. Mito ya kitambaa chenye manyoya hupitisha hewa na kuburudisha ngozi, lakini huvuja zaidi. Katika joto la pwani, uchaguzi huu si mwepesi. Anayevaa mtandio anaweza kupitisha hedifoni chini yake badala ya juu yake. Mwenye miwani achague mto laini na mnene unaoweza kuimeza fimbo.

Kwa wanaotumia visaidizi vya usikivu vinavyokaa nyuma ya sikio, ufundi huu unaweza kuwa neema. Kikombe chenye kina kirefu na mto mpana huacha nafasi ya kutosha kwa kifaa hicho, ili kisibanwe wala kisitoe mluzi. Wapo wanaoacha kusikiliza redio au kupiga simu kwa hedifoni kwa sababu tu hedifoni za dukani huwabana. Mto mpana wa kubadilisha waweza kuwarudishia starehe hiyo.

Usafi nao ni sehemu ya tiba. Sponji hunywa jasho na mafuta ya ngozi. Ikianza kumomonyoka, ibadilishwe. Mito isiazimishwe ovyo. Anayetokwa na usaha sikioni asilifunike sikio hilo kwa muda mrefu. Sikio hilo lahitaji kukaa kavu, na mwenyewe ahudhurie kituo cha afya.

Nilichojifunza ndani ya daladala

Hedifoni yangu ilipokamilika niliipenda kupita kiasi. Niliivaa chumbani usiku, ikawa tamu. Kisha nikaanza kuivaa ndani ya daladala kwenda na kurudi kazini. Hapo ndipo nilipokosea. Hedifoni ya mgongo wazi haizuii kelele za nje hata ikitengenezwa kwa mti mzito namna gani. Matundu yake ni mlango wa kutoka na wa kuingia. Injini iliponguruma, niliongeza sauti ili niyasikie maneno ya wimbo. Nilipozoea, niliongeza tena.

Miezi ilipita. Jioni moja nilishuka kituoni nikasikia mluzi mwembamba masikioni ambao haukutoka popote nje. Asubuhi yake ulikuwa umekwisha, nami nikausahau. Ulirudi wiki iliyofuata, ukakaa siku mbili. Mimi niliyekuwa nikiwaambia vijana kila siku wasipuuze mvumo wa masikioni, nilikuwa nimeupuuza wangu. Mwenzangu kazini aliponipima, audiogramu ilionyesha bonde dogo kwenye hezi 4000, masikio yote mawili. Bonde la mahali hapo ndilo ambalo kelele huchimba kwanza.

Ndani ya koklea, mfereji uliojikunja mithili ya konokono, kuna seli za vinyweleo takriban 15,000 katika kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Zikichoshwa kwa muda mfupi huweza kupumzika na kurudia kazi; zikifa, kwa binadamu haziota tena. Hakuna dawa ya kuzirejesha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya mazoea mabaya ya kusikiliza. Mwongozo wake kwa vifaa binafsi ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwa watoto, desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila ongezeko la desibeli 3 huongeza nishati ya sauti mara mbili, hivyo muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20. Kwa desibeli 90 ni takriban saa 4 tu kwa wiki nzima. Safari za daladala za siku tano zaweza kuumaliza muda huo kabla ya Jumamosi.

Hapa mwenye hedifoni ya kujitengenezea yumo katika hatari ya pekee. Simu nyingi za siku hizi hukadiria kiwango cha sauti na kutoa onyo, lakini makadirio hayo yanategemea simu kuitambua hedifoni. Hedifoni ya waya iliyobadilishwa vikombe na mito simu haiijui, na tarakimu inayoonyeshwa kwenye kioo yaweza kuwa mbali na ile inayofika sikioni. Njia iliyo salama zaidi ni ya zamani: kaa chumbani penye utulivu, weka sauti ya chini kabisa inayokutosheleza, isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, kisha iache hapo. Mahali ambapo kiwango hicho hakitoshi kusikia, mahali hapo hapafai kwa hedifoni hiyo.

Anayelazimika kusikiliza penye kelele achague hedifoni iliyofungwa mgongo yenye mito inayoziba vizuri, au ile inayofuta kelele kwa umeme. Hii ya mwisho isibadilishwe mito kiholela, kwa kuwa maikrofoni zake zimepangwa kulingana na nafasi ya hewa iliyomo ndani. Wala betri yake isitobolewe au kupashwa joto. Na hedifoni yoyote inayoziba masikio isivaliwe wakati wa kuvuka barabara au kuendesha pikipiki.

Vumbi, moshi na gundi

Tusimsahau fundi. Baada ya kupiga msasa vikombe vyangu kwa jioni mbili, nilipiga chafya usiku kucha na mikono ikatoka vipele vinavyowasha. Vumbi la mpingo, kama la mvule, linajulikana kwa kuwasha ngozi na njia ya hewa, na kwa baadhi ya watu huleta mzio. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake, kwa wale wanaolivuta kwa miaka mingi. Anayetengeneza jozi moja kwa mwaka hana haja ya kuogopa kupita kiasi. Avae barakoa ya kuzuia vumbi, apige msasa nje au kwa karatasi iliyoloweshwa, na afagie kwa kitambaa chenye unyevu.

Kuchomea waya kwa risasi nako kuna adabu yake. Moshi unaopanda hutoka kwenye ulimbo uliomo ndani ya waya wa kuchomelea, nao waweza kuleta au kuchochea pumu. Dirisha liwe wazi, na uso usiwe juu ya moshi. Waya wenye madini ya risasi huacha mabaki vidoleni, hivyo mtu asile wala asivute sigara wakati wa kazi, anawe mikono kwa sabuni, na kazi hiyo isifanyike karibu na watoto wadogo au mjamzito. Gundi za kuchanganya na vanishi ziachwe zikauke kabisa kabla kikombe hakijagusa ngozi.

Mhudumu wa afya anayemwona mtu mwenye vipele kuzunguka masikio, au kikohozi kisichoeleweka, aongeze swali moja: "Unafanya kazi gani, na jioni unafanya nini kwa mikono yako?"

Hedifoni ya kliniki isiguswe

Ipo hedifoni moja ambayo ufundi huu umeharamishwa kwayo, nayo ni ile ya kupimia usikivu. Hedifoni ya audiometa, mathalani TDH-39, husanifishwa pamoja na mashine yake na pamoja na mito yake maalumu. Mto ukichakaa, vishawishi ni vingi: kuna mto wa dukani unaofanana, kuna hedifoni ya mashine nyingine iliyolala kabatini. Lakini mto mwingine hubadilisha sauti inayofika sikioni, na upenyo mdogo huufanya mlio mzito uonekane hausikiki. Mtoto mwenye usikivu mzuri ataandikiwa upungufu asionao, au mwenye upungufu atarudishwa nyumbani. Mto wa audiometa ubadilishwe kwa mto wa aina yake, waya isirefushwe, hedifoni ya mashine moja isihamishiwe nyingine, na baada ya matengenezo yoyote kifaa kisanifishwe upya. Upande mwekundu ni wa kulia, wa bluu ni wa kushoto. Fundi akiigeuza waya, tutalitibu sikio lisilougua.

Kurudi Mwenge

Nilirudi kwa mzee kumwonyesha kazi ilivyokamilika. Nikamvisha hedifoni, nikampigia wimbo wa taarabu kwa kiwango changu kipya, cha chini. Alisubiri, kisha akaniuliza kama nimeshawasha.

"Daktari," alisema, "hiki chombo chako hakiwezi kunisaidia mimi? Wajukuu wananilalamikia. Redio naifungulia mpaka majirani wanasikia taarifa ya habari."

Nikakumbuka siku ile aliponifanya nirudie neno mara tatu. Mashine haikuwa imewashwa bado.

Alikuja kliniki Jumatatu. Bonde lake halikuwa dogo kama langu. Lilianza hezi 2000 na kushuka kama kingo za korongo, matokeo ya miaka mingi kando ya mashine bila kinga yoyote. Sasa tunaendelea na taratibu za kumpatia visaidizi vya usikivu. Wiki iliyofuata nilimpelekea vizuia kelele vya kuvaa kazini, ili kilichobaki kisipotee. Alivipokea kwa mikono miwili, akavipapasa kama wageni wangu wanavyoupapasa mpingo, akachungulia ndani kutafuta spika.

"Mbona vitupu?"

"Ndivyo vinavyotakiwa kuwa, mzee."

Alivivaa, akafunga kipande cha mninga kwenye mashine, akaendelea na kazi.